Mkono wa Cairo Kwenye Nyasi za Kwetu

Mei 2025 Simba walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakakosa uwanja wa kuichezea. Masika yalikuwa yameiharibu nyasi ya Uwanja wa Benjamin Mkapa, na Shirikisho la Soka Afrika, CAF, likasema mechi ya marudiano dhidi ya RS Berkane ya Morocco haichezwi pale. Dar es Salaam ikalalamika, Simba wa Msimbazi wakanuna, watani wao Yanga wa Jangwani wakacheka kama kawaida yao. Mwisho wa yote mechi ikavuka bahari hadi Amaan, Zanzibar, uwanja uliong'arishwa kwa ukarabati wa 2023 lakini unaochukua kama robo tu ya wale 60,000 wanaoingia Kwa Mkapa. Simba walikuwa wameshafungwa mabao mawili kule Berkane. Tarehe 25 Mei wakatoka sare ya 1-1, na kombe likaondoka kwa jumla ya mabao 3-1.

Wapo waliotafuta mchawi. Lakini nyasi ile tuliiona wote, na swali lenye faida zaidi ni jingine: huyu CAF anayeweza kuhamisha fainali kutoka jiji moja hadi kisiwani ni nani hasa, na nguvu hizo kampa nani? Mashabiki humzungumzia kana kwamba ni mzee mmoja mwenye kinyongo aliyekaa Misri. Ofisi kweli ziko huko, katika mji wa 6 Oktoba pembeni mwa Cairo. Ila CAF ni chama cha vyama. Wanachama wake 54 ni mashirikisho ya nchi: TFF ya Tanzania, FKF ya Kenya, FUFA ya Uganda, FECOFA ya Congo na wenzao, na kanuni zinazotuuma zinapitishwa na vikao ambavyo wajumbe wake tunawapigia kura wenyewe. Ukimfuatilia tangu alikozaliwa hadi kwenye nyasi za Temeke, ulipo uwanja wa Mkapa, unakuta chombo chenye ubabe mkubwa kwa wadogo wake, na unyenyekevu wa kushangaza mbele ya wakubwa wa dunia. Haikuwa hivyo mwanzoni.

Wazo lilianzia Lisbon. Juni 1956 wajumbe wa Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini walikutana pembeni mwa mkutano mkuu wa FIFA wakakubaliana kuunda shirikisho la bara, wakati nchi huru za Afrika zikihesabika kwa vidole. Februari 1957 likaundwa rasmi Khartoum, na siku hizo hizo likachezwa Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, la kwanza. Timu zilikuwa nne kwenye karatasi, tatu uwanjani. Afrika Kusini ilitaka kuleta ama timu ya Wazungu watupu ama ya Waafrika watupu. Wenzake wakagoma, na ikabaki nje. Misri ikaifunga Ethiopia 4-0 katika fainali, mabao yote ya mtu mmoja, Ad-Diba, na kombe lenyewe lilibeba jina la Abdelaziz Abdallah Salem, Mmisri aliyekuwa rais wa kwanza wa CAF.

Kwa hiyo uamuzi mzito wa kwanza wa shirikisho hili ulihusu utu, kabla hata halijawa na ofisi ya maana. FIFA yenyewe ilisuasua: ikaisimamisha Afrika Kusini 1961, ikailegezea 1963, ikaisimamisha tena 1964, na kuifukuza kabisa 1976. Waafrika walikuwa wameshamaliza mjadala huo zamani.

Kisha likaja suala la Kombe la Dunia la 1966. Fainali zile za Uingereza zilikuwa na timu 16, na FIFA iliamua kwamba Afrika, Asia na Oceania zigombanie nafasi moja. Bingwa wa Afrika, hata angewafunga wote barani, bado angetakiwa kwenda kupambana na bingwa wa upande wa Asia ndipo apande ndege ya London. Ghana ya Kwame Nkrumah ilikuwa ndiyo timu bora ya Afrika wakati ule. Mkuu wake wa michezo, Ohene Djan, akishirikiana na Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia, akaongoza hoja ya kususa, na mataifa 15 ya Afrika yakajitoa. Korea Kaskazini ikaenda Uingereza na kuwatoa Waitalia. Waafrika wakabaki nyumbani bila fainali na bila fedha, lakini kufikia 1970 bara lilikuwa na nafasi yake lenyewe, na Morocco ikaitumia kule Mexico.

Tessema nampa nafasi hapa kwa makusudi. Alikuwa mchezaji, akawa kocha wa Ethiopia iliyotwaa Kombe la Mataifa 1962, akawa rais wa CAF kuanzia 1972 hadi alipofariki 1987. Aliijua hesabu moja ambayo Wazungu wa FIFA walichelewa kuijua: kila bendera mpya iliyopandishwa Afrika ilikuwa kura mpya. Mwaka 1974 João Havelange wa Brazil alimwangusha Mwingereza Stanley Rous kwenye urais wa FIFA baada ya kuzunguka Afrika na Asia akiomba kura na kuahidi nafasi zaidi. Nafasi zikaja kidogo kidogo: mbili mwaka 1982, tatu 1994, tano 1998. Kwa Kombe la Dunia la 2026 Afrika ilipewa tisa, na ya kumi ya kupigania kwenye mchujo wa mabara.

Kura ile ile iliyomnyenyekeza Rous ndiyo inayoendesha CAF ndani. Chombo cha juu ni Mkutano Mkuu, na humo kila nchi ina kura moja. Shelisheli yenye watu wanaozidi laki moja kidogo ina uzito sawa na Nigeria. Chini yake ipo Kamati Tendaji, yenye wajumbe kutoka kanda zote, na shughuli za kila siku zinaendeshwa na katibu mkuu na sekretarieti yake. Kanda ni sita: Kaskazini, Magharibi mbili, Kati, Kusini, na yetu ya CECAFA, ambayo mizizi yake inakwenda hadi Kombe la Gossage la 1926, pale mwenye kiwanda cha sabuni alipotoa kikombe wakishindanie Kenya na Uganda.

Utaratibu wa kura moja una haki ndani yake, na una mtego. Anayetaka kuongoza CAF hahitaji kupendwa na wenye ligi kubwa. Anahitaji marafiki 28. Issa Hayatou wa Cameroon aliingia 1988 na kukaa miaka 29. Chini yake Kombe la Mataifa lilikua kutoka timu nane hadi 16, Ligi ya Mabingwa ikazaliwa 1997, na mashindano ya wachezaji wa ndani, CHAN, yakaanza 2009. Kazi ilifanyika. Lakini mtu akikaa kwenye kiti kwa miaka 29, kanuni nazo huanza kuchukua umbo lake. Mwaka 2015 umri wa kikomo wa miaka 70 kwa viongozi uliondolewa, wakati yeye mwenyewe akiukaribia.

Aliangushwa Addis Ababa tarehe 16 Machi 2017, kwa kura 34 dhidi ya 20, na Ahmad Ahmad wa Madagascar, mtu ambaye hakuna aliyemhesabu miongoni mwa vigogo. Furaha haikudumu. Miaka miwili baadaye mambo ya fedha yalikuwa yamevurugika kiasi kwamba katibu mkuu wa FIFA, Fatma Samoura, alitumwa Cairo kwa miezi sita kuisimamia CAF kama mjumbe maalumu. Jambo hilo halijawahi kutokea kwa shirikisho lingine la bara. Novemba 2020 FIFA ikamfungia Ahmad miaka mitano kwa makosa ya kimaadili. Mahakama ya michezo ya CAS ikapunguza adhabu hadi miaka miwili, lakini urais ulikuwa umekwisha.

Machi 2021, Rabat, wagombea walikuwa wanne: Jacques Anouma wa Côte d'Ivoire, Augustin Senghor wa Senegal, Ahmed Yahya wa Mauritania na tajiri wa madini wa Afrika Kusini, Patrice Motsepe. Kabla ya siku ya kura watatu wakajitoa. Senghor na Yahya wakawa makamu wa rais, Anouma akawa mshauri, na Motsepe akapitishwa kwa makofi. Mapatano hayo yalipikwa chini ya mwavuli wa FIFA ya Gianni Infantino. Machi 2025 Motsepe akapita tena, safari hii bila mpinzani tangu mwanzo. Inawezekana kabisa kwamba angeshinda hata kwa kura. Hapo ndipo linaponikera: shirikisho lililojengwa kwa nguvu ya kura limeanza kuona kura kama usumbufu, na iliyolizoesha hivyo ni FIFA ile ile ambayo Tessema alikuwa akipambana nayo mezani.

Siku ile ya Addis Ababa, Machi 2017, ilikuwa na ajenda nyingine ambayo Waswahili wa pwani hawajaisahau. Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama wa 55 wa CAF. Unguja na Pemba zikalipuka kwa shangwe. Maana yake ilikuwa kwamba Zanzibar Heroes wangeweza kugombea Kombe la Mataifa kwa jina lao, baada ya miaka mingi ya kuishia kwenye Kombe la Challenge la CECAFA, ambalo walilitwaa 1995. Uanachama ule uliishi miezi minne. Julai 2017, katika mkutano maalumu wa Rabat, CAF chini ya rais mpya ikaufuta, kwa hoja kwamba kanuni haziruhusu vyama viwili kutoka nchi moja na kwamba Zanzibar ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano.

Kisheria hoja hiyo ina mashiko. Ila ilikuwepo pia mwezi Machi, wajumbe wale wale walipopiga makofi. Kanuni zilizosahauliwa wakati wa uchaguzi zikakumbukwa baada ya uchaguzi, na wananchi waliopewa na kunyang'anywa hawakuwa na pa kukata rufaa penye maana. Heroes walijibu kwa njia yao: Desemba mwaka huo huo wakafika fainali ya Challenge pale Machakos, wakaisumbua Kenya hadi 2-2, wakatolewa kwa penalti. Hadi leo klabu za visiwani zinacheza Ligi ya Mabingwa na Kombe la Shirikisho kama za nchi nyingine yoyote, wakati timu yao ya taifa haiwezi kugombea Kombe la Mataifa.

Kwa shabiki wa klabu, CAF humfikia kwanza kama hesabu. Kila msimu klabu huvuna pointi kwa nchi yake. Bingwa wa Ligi ya Mabingwa huleta pointi 6, aliyefungwa fainali 5, nusu fainali 4, robo fainali 3, wa tatu kwenye kundi 2, wa nne 1. Katika Kombe la Shirikisho kila ngazi hupungua, bingwa akileta 5 na wa mwisho kwenye kundi akileta nusu pointi. Halafu msimu wa karibuni huzidishwa mara 5, unaoufuata mara 4, hadi msimu wa tano nyuma unaobaki mara 1. Nchi 12 za juu hupeleka klabu mbili katika kila shindano. Nyingine zote hupeleka moja moja.

Chukua msimu wa 2024/25. Simba kufungwa fainali ya Shirikisho kulileta pointi 4, Yanga kumaliza wa tatu kwenye kundi lao la Ligi ya Mabingwa kukaleta 2. Sita mara tano ni 30. Msimu wa nyuma yake wote wawili walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa: sita mara nne, 24. Msimu wa nyuma tena, Simba robo fainali na Yanga fainali ya Shirikisho dhidi ya USM Alger, waliyoikosa kwa kanuni ya bao la ugenini: saba mara tatu, 21. Ndiyo maana Azam na Singida Black Stars nao walipata tiketi za 2025/26, na klabu zote nne za Tanzania Bara zikaingia hatua ya makundi. Shabiki wa Yanga anayeomba Simba ifungwe huko Algeria anaomba, bila kujua, nafasi ya nchi yake ipungue. Najua hataacha, na mimi sitamwambia aache.

Yote hayo yalianza kwa msimu mmoja wa ajabu, 2018/19. Simba walikwenda Kinshasa wakafungwa 5-0 na AS Vita, wakaenda Misri wakafungwa 5-0 na Al Ahly, na bado wakafuzu robo fainali, kwa sababu nyumbani waliwafunga wote watatu wa kundi: JS Saoura, Al Ahly na Vita. Huko ndiko ilikoota mizizi ile tambo ya kwamba Kwa Mkapa hatoki mtu.  Mfumo wa CAF uliuandika muujiza ule, ukauzidisha na kuugeuza kuwa nafasi kwa klabu ambazo wakati ule hazikuwa na ndoto ya Afrika. Katika mambo yote ambayo shirikisho hili linafanya kuukuza mchezo, hili nadhani ndilo lenye matunda zaidi, na ndilo ambalo halitajwi kwenye hotuba.

Upande wa pili wa mfumo ni ukaguzi. Ukali wa CAF kuhusu viwanja uliongezeka sana tangu 2021, na ramani ya soka ikavurugika. Juni 2024 Harambee Stars walikuwa "wenyeji" wa Burundi na Côte d'Ivoire huko Lilongwe, Malawi, kwa sababu Kenya nzima haikuwa na uwanja mmoja uliokidhi vigezo. Burundi walihamia Dar es Salaam kwa baadhi ya mechi zao za nyumbani. Novemba 2024 Taifa Stars wa Tanzania waliifunga Ethiopia 2-0 ugenini, na ugenini huko kulikuwa Kinshasa. Ethiopia, mmoja wa waanzilishi wa CAF na mwenyeji wa Kombe la Mataifa mara tatu, haikuwa na pa kumkaribisha mgeni.

Je, ni uonevu? Mchezaji wa Kenya anayesafiri hadi Malawi kucheza "nyumbani" mbele ya viti vitupu ana haki ya kusema hivyo, na mama anayeuza chai nje ya uwanja wa Kasarani jijini Nairobi hakulipwa fidia na mtu. Hata hivyo siku za nyuma barua za onyo zilijaa kabatini na serikali hazikushtuka. Zilishtuka timu ya taifa ilipogeuka mkimbizi. Vyumba vya kubadilishia nguo, taa, viti vyenye namba, milango ya dharura: mambo haya hayapigiwi kampeni na mwanasiasa yeyote hadi pale mechi inapohamishwa. Kwa maoni yangu hapa CAF ina haki, na ingekuwa na haki zaidi kama ingesaidia fedha za nyasi kwa bidii ile ile inayotumia kuzikagua.

Ubabe huu una historia isiyopendeza. Mwaka 2014 Morocco iliomba Kombe la Mataifa la 2015 lisogezwe kwa hofu ya Ebola. CAF ikakataa, ikahamishia mashindano Equatorial Guinea, ikaifungia Morocco mashindano mawili yaliyofuata pamoja na faini ya dola milioni moja. CAS ikafuta kifungo na kuishusha faini hadi dola 50,000. Mwaka 2010 Togo, ambao basi lao lilimiminiwa risasi Cabinda, Angola, na watu wao wakafa, walifungiwa mashindano mawili kwa sababu serikali yao iliwarudisha nyumbani. Kifungo kikaja kuondolewa baada ya kelele za dunia. Morocco leo ndiyo mwenyeji kipenzi: Kombe la Mataifa la wanawake mara mbili mfululizo, kisha AFCON ya wanaume iliyoanza Desemba 2025. Viwanja vyake havikaguliwi kwa woga.

Kuhusu fedha nitapita haraka, maana hadithi ni ile ile. Enzi za Hayatou haki za matangazo na masoko ziliuzwa kwa kampuni ya Ufaransa ya Lagardère kwa miaka 12, kuanzia 2017 hadi 2028, kwa kima cha chini cha dola bilioni moja. Mamlaka za ushindani wa biashara za Misri zikauliza zabuni iko wapi, na 2019 CAF ikauvunja mkataba. Agosti 2022, Arusha, mbele ya Infantino, ilizinduliwa Ligi Kuu ya Afrika ya klabu 24 na zawadi za jumla ya dola milioni 100. Oktoba 2023 ilipoanza Kwa Mkapa, Simba wakitoka 2-2 na Al Ahly, klabu zilikuwa nane na bingwa, Mamelodi Sundowns, alichukua milioni nne. Mwaka uliofuata haikuonekana. Kilicho cha kweli zaidi, ingawa hakina mbwembwe, ni ile dola 50,000 iliyoanza kutolewa msimu wa 2023/24 kwa klabu za hatua za awali. Klabu ya Djibouti inayosafiri kwenda Angola kufungwa na kurudi inahitaji tiketi za ndege kabla ya kuhitaji ligi kuu ya bara.

Wasichana wamefaidika na ukali ule ule wa kanuni. Leseni ya klabu ya CAF inadai kwamba anayetaka kucheza mashindano ya Afrika ya wanaume awe na timu ya wanawake. Viongozi wengi walinung'unika, wakaunda timu ili kupata sahihi. Lakini timu ikishakuwepo huwa na ratiba, na ratiba huzaa wachezaji. Ligi ya Mabingwa ya wanawake ilianza 2021 huko Misri, Vihiga Queens wa Kenya wakiwa humo. Mwaka uliofuata Simba Queens walifika nusu fainali Morocco. Katika fainali za shule za Afrika za 2023 mjini Durban, wasichana wa Fountain Gate kutoka Dodoma ndio waliotwaa kombe na dola 300,000. Fedha hizo zilikwenda shuleni. Ni nadra kuona fedha ya soka ya Afrika ikipita karibu na daftari.

Jaribio kubwa la karibuni kwa Afrika Mashariki lilikuwa CHAN. Mashindano yalipangwa kuanza Februari 1, 2025 Kenya, Tanzania na Uganda. Januari 14 CAF ikayasogeza hadi Agosti, kwa vile viwanja na hoteli hazikuwa tayari. Walioghadhibika walikumbusha kwamba Kenya ilishanyang'anywa AFCON ya 1996, ikapewa Afrika Kusini, na CHAN ya 2018, ikapewa Morocco. Safari hii walisogezewa tarehe, hawakunyang'anywa. Mechi ya ufunguzi Tanzania iliifunga Burkina Faso 2-0. Kenya, wageni kabisa kwenye CHAN, wakawafunga Morocco wakiwa pungufu na kuongoza kundi. Amaan ilipewa mechi zake. Wenyeji wote watatu wakafika robo fainali, wote watatu wakaishia hapo, na Morocco ikaifunga Madagascar 3-2 katika fainali ya Kasarani.

Kilichoonekana pia ni watu. Mashabiki wa Nairobi walivunja vizuizi na kuingia bila tiketi, na CAF ikapunguza idadi ya watu wa Kasarani hadi 27,000 na kudai tiketi za kielektroniki peke yake. Adhabu hiyo iliumiza wenye tiketi pamoja na wasio nazo. Ila ilikuwa mazoezi ya jambo kubwa zaidi, maana nchi hizo hizo tatu, chini ya jina la Pamoja, zilipewa AFCON ya 2027 pale Cairo tarehe 27 Septemba 2023. Itakuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kuja ukanda huu tangu Ethiopia 1976. Uwanja mpya wa Talanta jijini Nairobi, wa Arusha, wa Hoima kule Uganda, vyote vilianza kujengwa kwa ajili hiyo.

Na hapo ndipo ubabe wa CAF unapokutana na kuta. Kombe la Mataifa limehamishwa kutoka mwezi huu hadi ule kuzipisha klabu za Ulaya na mashindano ya FIFA. Mwaka 2019 lilipelekwa Juni. Lililofuata likarudi Januari, kwa sababu ya mvua za Cameroon na kisha korona. La Morocco likasukumwa hadi Krismasi kwa sababu FIFA ilitaka majira ya joto ya 2025 kwa Kombe lake la Dunia la klabu. Siku moja kabla ya mashindano hayo ya Morocco kuanza, Motsepe alitangaza kwamba baada ya 2027 itachezwa AFCON ya 2028, kisha itakuwa kila baada ya miaka minne, na pengo litazibwa na ligi ya mataifa ya kila mwaka. Tangu 1968 Kombe la Mataifa kwa kawaida lilichezwa kila baada ya miaka miwili, na mapato yake ndiyo yaliyokuwa yakiilisha CAF na vyama vyake vidogo. Makocha na watu wengine wa soka waliuliza ni lini Mkutano Mkuu, wenye kura zake 54, ulijadili jambo hilo.

Nchi kubwa zitaishi na mabadiliko hayo bila shida. Senegal na Misri hufuzu mara nyingi, iwe kwa miaka miwili au minne. Taifa Stars walisubiri miaka 39 kutoka Lagos 1980 hadi Cairo 2019, na ni mashindano ya mfululizo ndiyo yaliyowakomaza: walipoteza mechi zote 2019, wakapata sare mbili Côte d'Ivoire, na huko Morocco, kwa sare mbili tena, wakavuka makundi kwa mara ya kwanza hadi wenyeji walipowatoa kwa bao 1-0. Mwaka 2027 watacheza nyumbani. Mwaka 2028 itabidi wakafuzu wenyewe, na wakikosa tiketi hiyo, nyingine itatoka baada ya miaka minne.